Rangi ya Ng'ombe na Joto la Mabati: Kutoka Kibera hadi Kawangware

Ng'ombe wa nyanda za juu za Uskoti ana manyoya ya tabaka mbili. Ya ndani ni mafupi na laini, nayo hushika joto la mwili. Ya nje ni marefu na yana mafuta, mengine hufika sentimita 30, na mvua huteleza juu yake bila kuigusa ngozi. Daftari la ukoo wake lilianza mwaka 1885, na rangi zake zinazotambuliwa ni saba: nyeusi, nyekundu, njano, nyeupe, ya michirizi, hudhurungi iliyofifia na ya fedha. Ukiacha ile ya michirizi, rangi hizo hutokana na jeni mbili tu. Ya kwanza huamua mnyama awe mweusi au mwekundu. Ya pili hufifisha rangi: ndama akirithi nakala moja, wekundu huwa njano na weusi huwa hudhurungi, akirithi nakala mbili, wekundu huwa weupe na weusi huwa wa fedha. Adui wa mnyama huyu ni upepo wenye mvua. Majira ya joto yanapofika hupukutisha manyoya, hutafuta kivuli cha miti au husimama ndani ya maji hadi jua lipungue.

Nairobi nayo ni nyanda za juu. Sehemu kubwa ya jiji iko kati ya mita 1,600 na 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mfugaji huziba nyufa za banda ili ndama asipigwe na baridi. Lakini jiji liko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja tu. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, miale yake huwa mikali kuliko kipimajoto kinavyoonyesha. Ng'ombe wa Nairobi basi anaishi na mambo mawili kwa pamoja: hewa isiyo na joto kali sana, na jua kali. Tofauti hiyo kati ya joto la hewa na joto la miale ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kuhusu rangi ya manyoya yake, na ndiyo niliyoifuata kwa miguu na kwa matatu kutoka Kibera hadi Kawangware mwanzoni mwa kiangazi, Januari, wakati nyasi za kando ya barabara zimeanza kugeuka rangi.

Njia inaanzia Makina, upande wa Kibera uliokaliwa na Wanubi kabla ya wengine wote. Hawa ni wazao wa askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ililitenga rasmi eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 kuwa makazi yao, na wakati huo Kibera ilikuwa msitu na mashamba: watu walilima mahindi, walipanda miti ya matunda na walifuga ng'ombe na mbuzi waliolisha hadi mtoni. Nyumba za wapangaji zilipoongezeka, malisho yakaisha. Hati ya ardhi ambayo jamii ya Wanubi ilipewa mwaka 2017 ni ya ekari 288. Mtu anayeona mbuzi wakivuka reli ya Kibera asidhani ni ufugaji ulioletwa juzi na watu wa mashambani. Mifugo ilikuwapo hapa kabla ya mabati.

Leo mbuzi na kondoo ndio wengi. Hufunguliwa asubuhi, hupanda kwenye tuta la reli, hupita vibandani wakiokota maganda ya ndizi na majani ya kabichi, na jioni hurudi wenyewe nyumbani. Wengi ni mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, wenye rangi za kila aina ndani ya uzao mmoja. Mara chache huonekana mbuzi Galla, mrefu na mweupe, ambaye asili yake ni kaskazini kame mwa Kenya. Inafaa kumtazama kwa karibu. Manyoya yake ni meupe, mafupi na yanang'aa; ukiyatenganisha kwa vidole, ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Manyoya hurudisha miale, na miale michache inayopenya hukuta ngozi isiyobabuka. Mpangilio huohuo uko kwa ng'ombe Boran, na wanyama wengi waliokaa muda mrefu kwenye jua kali wanao.

Ng'ombe wa Kibera ni wachache, nao wako ndani. Kwenye mteremko unaoelekea Bwawa la Nairobi nilimkuta mama mmoja mwenye Friesian wawili katika banda ambalo kuta zake zote ni mabati na paa lake ni mabati. Ilikuwa saa saba mchana. Wote wawili walikuwa wamesimama, vichwa vimeelekezwa kwenye mlango, ulimi wa mmoja ukionekana, na mbavu zikienda kwa kasi. Ng'ombe aliyetulia hupumua kati ya mara 25 na 50 kwa dakika. Akipita 60, anahangaika na joto. Kuhesabu ni rahisi na hakuhitaji chombo chochote: mtu husimama ubavuni, hutazama simu au saa, huhesabu ubavu unavyopanda kwa nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Mama yule alikuwa akifanya hivyo tangu mwana wake alipomfundisha, na alijua kwamba ng'ombe wake mweusi zaidi hupumua sawa tu na yule mwenye mabaka mengi meupe. Alilisema hilo kwa mshangao, maana alikuwa amenunua mwenye weupe kwa kuambiwa kwamba hasumbuliwi na joto.

Jibu liko kwenye paa. Joto humfikia ng'ombe kwa njia ya miale ya aina mbili. Miale ya jua yenyewe ni mifupi, na rangi huamua sehemu ipi inyonywe: manyoya meusi hunyonya karibu asilimia 90, mekundu hunyonya kidogo kuliko hayo, na meupe yanayong'aa huweza kurudisha nusu au zaidi. Lakini kitu chochote chenye moto, kama bati, ukuta au ardhi kavu, nacho hutoa miale yake mirefu isiyoonekana kwa macho. Mbele ya miale hiyo rangi haina kazi. Manyoya meupe na meusi huinyonya kwa kiasi kilekile, karibu yote. Bati la zamani lenye kutu likipigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 60, na ng'ombe aliye mita mbili chini yake hupokea miale hiyo mgongoni kutwa nzima. Bati jipya linalong'aa lina nafuu kwa sababu hurudisha jua na hutoa miale michache upande wa chini. Kutu huondoa faida zote mbili. Kwa hiyo weupe wa ng'ombe ni mali anapokuwa malishoni. Akifungiwa chini ya bati lenye kutu, mmiliki amelipia rangi isiyofanya kazi.

Kutoka Makina njia inapita soko la Toi, ambako wafugaji wa Kibera hupata sehemu kubwa ya chakula cha mifugo yao: majani ya nje ya kabichi, maganda ya mahindi mabichi, viazi vilivyokatwa. Mbele yake ni uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park, ambapo Agricultural Society of Kenya huonyesha mifugo kila mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Hapo ndipo Mkenya wa mjini huona kwa siku moja rangi zote za ng'ombe wa nchi yake: Friesian wa mabaka meusi na meupe, Ayrshire wa mabaka mekundu ya mahagoni, Guernsey wa rangi ya dhahabu na nyeupe, Jersey wa rangi ya kahawia hafifu mwenye pua nyeusi, Sahiwal mwekundu, Boran mweupe. Wanne wa kwanza wametoka Ulaya, na Ayrshire ametoka Uskoti, nchi ileile ya ng'ombe wa manyoya marefu, ila yeye ni wa mabonde ya kusini-magharibi ambako watu walichagua maziwa. Walowezi waliwaleta mwanzoni mwa karne ya 20, na katika nyanda za juu za Kenya wamekaa vizuri kuliko karibu kokote kwingine katika ukanda wa ikweta. Sababu ni usiku. Ng'ombe aliyekusanya joto mchana huhitaji saa kadhaa za baridi ili alitoe, na usiku wa Limuru, wa Kabete na wa Nairobi humpa saa hizo. Mombasa haimpi.

Sahiwal ni habari nyingine. Asili yake ni Punjab, katika nchi ambayo sasa ni Pakistani. Wanyama hao walianza kuletwa Kenya mwaka 1939, na kundi la taifa limetunzwa Naivasha. Wamasai wa Narok na Kajiado wamempokea kwa moyo, kwa kuwa ni mwekundu, mkubwa, ana maziwa kuliko zebu wa kienyeji, na jua halimshindi. Huyu anaonyesha kwamba rangi peke yake haimalizi hesabu. Wekundu wake hunyonya jua kuliko weupe wa Boran, lakini manyoya yake ni mafupi na yamelala juu ya ngozi, ngozi yake ni legevu na yenye mikunjo mingi shingoni, na tezi zake za jasho ni kubwa na ziko karibu na uso wa ngozi kuliko za ng'ombe wa Ulaya. Jasho likitoka huondoka na joto. Kwenye manyoya marefu yaliyosokotana jasho hukwama, upepo haufiki, na joto hubaki. Jan Bonsma wa Afrika Kusini alifanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili, akaonyesha kwamba katika nchi za joto ng'ombe mwenye manyoya laini na mafupi hustawi kuliko mwenye manyoya ya sufi, hata wakiwa wa uzao mmoja. Mfugaji anayenunua mtamba Friesian kwa ajili ya Nairobi afanye alivyofanya Bonsma: apapase. Mkono hujua zaidi ya jicho.

Barabara ya Ngong, katika miaka ya ukame, hugeuka njia ya malisho. Mwaka 2009, na tena 2017, wafugaji wa Kajiado na kwingineko walileta makundi yao hadi ndani ya jiji, wakalisha kando ya barabara kuu, kwenye viwanja vya wazi na pembezoni mwa misitu. Waendesha magari walilalamika, na magazeti yalipiga picha. Wachache walitazama rangi. Makundi hayo ni maktaba ya jinsi joto linavyochagua. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western walichapisha utafiti kuhusu rangi za ng'ombe katika makundi ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Walionyesha kwamba kadiri nchi inavyozidi kuwa ya joto, ndivyo wanyama wa rangi nyepesi wanavyozidi kundini, na katika nyanda za juu zenye baridi wale wa rangi nzito huongezeka. Mnyama mweusi aliye juani hukusanya joto zaidi, hivyo huhitaji maji zaidi. Na mahali ambapo kisima kiko mwendo wa siku moja au mbili, haja hiyo ya ziada ndiyo inayomuua wakati wa kiangazi kirefu.

Hiyo haina maana kwamba mfugaji huchagua rangi kwa hesabu ya joto tu. Mmasai humtambua kila ng'ombe kwa rangi, mabaka na pembe zake, na rangi huingia katika jina, katika mahari na katika ibada. Bahima wa Ankole, nchini Uganda, kwa vizazi vingi wamependelea ng'ombe wa wekundu uliokolea kwa sababu ya uzuri wake, na nyanda zao za juu zimewaruhusu kufanya hivyo. Waorma wa Mto Tana, katika nchi ya joto kali, wana Boran weupe. Uzuri na jua hushauriana. Ukame ukija, jua ndilo lenye neno la mwisho. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosa katika Pembe ya Afrika, na Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Waliokufa walikuwa wa rangi zote, maana pasipo nyasi kabisa hakuna rangi inayookoa.

Dagoretti Corner ndiyo katikati ya safari, kwa ramani na kwa hoja. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na kituo cha kupimia kilicho mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Kiwango kinachotangazwa redioni kuwa ndicho joto la Nairobi hutegemea vipimajoto vilivyo juu ya nyasi, ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, mbali na ukuta. Ndivyo upimaji unavyotakiwa kufanywa duniani kote. Februari na Machi kipimo cha mchana mara nyingi huwa kati ya nyuzi 26 na 28. Julai hushuka chini ya 23. Lakini katika kiangazi cha 2015 hadi 2016 watafiti walitundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo hiki, na wakakuta kwamba mitaa hiyo ina joto kuliko Dagoretti Corner kwa nyuzi kadhaa. Mabati, msongamano, ukosefu wa miti na ardhi isiyo na majani ndiyo sababu. Utafiti ule ulihusu watu, hasa watoto. Unamhusu ng'ombe pia, kwa kuwa analala chini ya bati lilelile.

Wataalamu wa mifugo huchanganya joto na unyevu wa hewa kupata kipimo kimoja. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mashaka huanza kipimo hicho kinapofika 72. Kwa anayetoa maziwa mengi sana, huanza hata 68. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa karibu 72. Hewa ya Dagoretti Corner ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 40 hutoa 74, yaani usumbufu mdogo ambao Friesian huuvumilia akipata maji na upepo. Ongeza nyuzi nne, kama ndani ya banda lililozibwa, na kipimo hufika 79, ukingoni mwa usumbufu wa kati. Na hapo miale ya bati haijahesabiwa bado, kwa sababu kipimo hiki hupima hewa tu. Ng'ombe wawili wa uzao mmoja, wanaokaa umbali usiofika kilomita tatu, wanaweza kuwa katika hali mbili tofauti kabisa za hewa siku moja.

Baada ya Dagoretti Corner barabara ya Naivasha inapanda kuelekea Kawangware, na ufugaji unabadilika sura. Sababu ni ya ardhi. Kibera ilikuwa ardhi ya serikali. Dagoretti ilikuwa hifadhi ya Wakikuyu, na katika miaka ya Mpango wa Swynnerton, ulioanza 1954, mashamba yalipimwa na wenyewe wakapewa hati. Mpango huohuo uliwafungulia wakulima Waafrika mlango wa kufuga ng'ombe wa kisasa wa maziwa, ambao kabla ya hapo walikuwa karibu mali ya walowezi peke yao. Eneo hilo lilipoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru, liliingia na hati zake, migomba yake na ng'ombe wake. Ndiyo maana nyuma ya nyumba za kupanga za Gatina na Kabiro bado kuna mabanda, na nyasi za nepia hupandwa kwenye kingo za vijito na kuuzwa kwa mzigo, ukibebwa kwa mkokoteni au bodaboda. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini iliutambua ufugaji huo, baada ya miaka mingi ya wafugaji kuishi kwa wasiwasi wa kufukuzwa.

Ng'ombe wa Kawangware wengi ni Friesian au chotara wake. Weusi wao una chanzo kinachoeleweka: jeni ya weusi huishinda ya wekundu, hivyo fahali Friesian mweusi akimpanda ng'ombe mwekundu wa Sahiwal au Ayrshire, ndama kwa kawaida huzaliwa mweusi. Baada ya vizazi viwili au vitatu vya mbegu ya Friesian, mtaa mzima huwa na ng'ombe weusi bila mtu yeyote kuchagua weusi. Mbegu yenyewe haitoki mbali. Kituo cha taifa cha mbegu za mafahali kiko Lower Kabete tangu 1946, kilipoanza kama kituo kikuu cha upandishaji kwa mrija, na fahali wa Friesian, Ayrshire, Jersey, Guernsey, Sahiwal na Boran wote wamo katika orodha zake. Mfugaji humpigia simu mpandishaji, na mara nyingi huletewa mbegu ya Friesian kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye mtungi wa baridi siku hiyo. Hili linasikitisha. Kwa banda dogo la mjini, lenye maji ya kununua, Jersey anastahili kufikiriwa zaidi: mwili wake ni mdogo, hula kidogo, maziwa yake yana mafuta mengi, manyoya yake ni hafifu na mafupi, na ngozi yake ina rangi nzito. Mzee mmoja wa Gatina, aliyefuga Jersey tangu ujana wake, aliniambia kwamba majirani humdharau kwa udogo wa ng'ombe wake hadi Februari ifike.

Weupe una hasara yake pia, na wauzaji huinyamazia. Chini ya mabaka meupe ya Friesian na Ayrshire ngozi huwa ya waridi, isiyo na kinga. Kiwele, pua na kope huweza kubabuka, na jicho lisilo na rangi pembeni huwa katika hatari zaidi ya saratani baada ya miaka mingi ya jua. Ng'ombe akila Lantana camara, mmea wa maua ya rangi nyingi uliojaa kwenye nyua na vichaka vya Nairobi, ini lake huharibika, na sumu hukusanyika mwilini kiasi kwamba ngozi nyeupe ikipigwa na jua hupasuka na kubanduka. Mabaka meusi ya mnyama huyohuyo hubaki mazima. Kila mzigo wa majani unaokatwa kando ya barabara unapaswa kukaguliwa kabla haujaingia horini.

Mabanda bora niliyoyaona Kawangware yana mambo yaleyale, na hakuna lililo ghali. Paa liko juu, mita tatu au zaidi upande wa juu, na limeinama upande mmoja ili hewa ya moto itoke. Banda limelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, hivyo jua la asubuhi na la jioni haliingii kwa upana wake. Kuta za mbao zinaishia kifuani mwa ng'ombe, juu yake ni wazi, na Julai huteremshwa magunia. Bati limepakwa chokaa juu, au limefunikwa kwa mabua ya mahindi, au limetambaliwa na mmea wa karakara. Penye nafasi kuna mti. Mparachichi ni mzuri kuliko bati lolote, kwa sababu jani hupoa kwa kutoa maji na halifikii joto la chuma. Mfugaji wa Kibera hana nafasi ya mti, lakini chokaa na mabua anaweza kuvipata, na kukata mabati ya ukuta yaishie kifuani ni kazi ya saa chache. Usalama wa usiku ukihitajika, sehemu ya juu hufungwa kwa wavu wa chuma.

Maji ndiyo ya pili baada ya paa. Ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 80 au zaidi siku ya joto, yaani mitungi minne ya lita 20, na karibu asilimia 87 ya maziwa yenyewe ni maji. Kibera na Kawangware maji hununuliwa kwa mtungi, na bei hupanda bomba likikauka, kwa hiyo wengi humpimia ng'ombe maji asubuhi na jioni. Akipimiwa, hupunguza kula, na maziwa hupungua kabla hajaonyesha dalili nyingine. Ndoo moja mbele yake saa saba mchana, kivulini, ina faida kuliko mbili za jioni. Maji ya kumwagia mgongoni hufaa tu penye upepo. Katika banda lililozibwa huongeza unyevu na kuzidisha taabu.

Chakula nacho kina saa yake. Majani yanapochachuka katika tumbo la kwanza hutoa joto kwa saa kadhaa. Ng'ombe aliyelishwa nepia kavu saa nne asubuhi huwa na moto wa ndani wakati bati likiwa na moto wa juu. Wafugaji wa Gatina hulisha alfajiri na baada ya jua kuzama, na mchana huacha majani mabichi kidogo tu, mara nyingi mabaki ya sokoni yaliyojaa maji. Chumvi ya mifugo haikosi. Anayengoja ng'ombe apandishwe pia hutazama usiku na alfajiri, kwa kuwa katika joto dalili za kutaka fahali huwa fupi na hafifu, na mchana hupita bila kuonekana.

Barabara ikiendelea kupitia Riruta na Waithaka hufika soko la Dagoretti na machinjio yake, ambako malori hushusha ng'ombe kutoka Kajiado, Narok, Garissa na Marsabit. Hapo rangi za nchi nzima husimama pamoja: Boran weupe wa kaskazini, wekundu wa Narok wenye damu ya Sahiwal, na mara moja moja Friesian mzee aliyemaliza maziwa. Ng'ombe aliyesafiri juani bila maji huchoma akiba ya sukari iliyo katika misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, ngumu na isiyodumu dukani. Kivuli na maji kabla ya kuchinjwa humhurumia mnyama na humlinda mnunuzi kwa wakati mmoja.

Kwa mfugaji wa Kibera au Kawangware mwenye fedha za jambo moja tu kabla ya Februari, jambo hilo ni paa: aliinue, alipake chokaa na afungue kuta, kisha aongeze mtungi wa maji wa mchana. Rangi ya ndama ajaye ataiamua siku atakapomwita mpandishaji, na siku hiyo amuulize kuhusu Jersey.